Njia ya Mwenzako

Mvua ilikatika alfajiri. Kulipopambazuka nilikuwa nimeshafika bondeni, kwenye shimo la kumi na mbili la uwanja wa gofu, nimevua kiatu cha kulia, nabonyeza kisigino kwenye nyasi.

Hivyo ndivyo alivyonifundisha mjomba. Unabonyeza, unahesabu mpaka tano, unainua mguu. Alama ikijaa maji, unafunga kamba na gari halipiti. Ikibaki kavu, unafungua. Ikitoa unyevu tu, kama jasho la kwapani, hapo unamwita mkubwa aamue.

Asubuhi ile ilitoa jasho.

Mkubwa ni yeye mwenyewe, mjomba, kaka yake mama. Ni bwana nyasi wa uwanja huu wa gofu kwa miaka kumi na tisa. Anazijua nyasi za hapa kama mama anavyojua vichwa vya wanawe, wapi pana ukurutu na wapi nywele zimekataa kuota. Lakini asubuhi ile, hata kabla sijamwambia habari ya jasho, alikuwa ameshachanganyikiwa. Alikuwa amevaa shati lake la Jumapili kwenye siku ya kazi.

"Leo hakuna mdomo, mpwa wangu," aliniambia. "Kazi yako kamba. Ukiulizwa, sema muulizeni mjomba."

"Lakini mjomba, kuna jambo..."

"Hakuna jambo. Leo hakuna jambo kabisa."

Nilijua anachoogopa, maana barua nilimsomea mimi. Mjomba hakuwahi kukaa darasani na mimi nilimaliza la saba, kwa hiyo karatasi zote za nyumba yetu zinapitia kwangu, kuanzia za zahanati mpaka za shule za wadogo zangu. Meneja alikuwa ameandika kwamba hilo ni onyo la pili. Ukionekana mtaro mwingine wa magurudumu bondeni kabla ya mashindano makubwa, barua ya tatu itakuwa ya kumwachisha kazi. Kazi ikienda, na vile vyumba viwili nyuma ya banda la mashine vinakwenda, tunamokaa mimi, yeye, mkaza mjomba na watoto wao watatu.

Siku ile nilipomaliza kusoma, mjomba aliniambia, "Rudia hapo penye mtaro."

Nikarudia.

"Wameandika mtaro au alama?"

"Mtaro, mjomba."

"Haya. Mtaro ni kina cha kidole. Kidole kisipozama, hiyo ni alama tu." Akakitazama kidole chake cha shahada kama mtu anayemtazama shahidi wake mahakamani.

Wa kulaumiwa walikuwa makochi. Ndivyo sisi wa nyasi tunavyoviita vigari vya zamani vya uwanja, vile vya watu wawili kukaa pamoja. Betri zake peke yake zinahitaji wanaume wawili kuzinyanyua. Juu yake wanakaa watu wawili walioshiba, na nyuma mabegi mawili ya fimbo. Na wawili hao hawapigi mpira mahali pamoja. Mmoja wake umeangukia kushoto, mwingine kulia, basi kochi linakwenda kushoto, mmoja anapiga huku mwenzake amekaa anapiga miayo, kisha wanakata uwanja mzima kwenda kulia. Kila shimo hivyo hivyo, kama mbuzi aliyekata kamba.

Mjomba alipambana nayo kwa kanuni moja. Aliiweka zamani, na kijana mmoja wa ofisini akamwandikia kwenye ubao uliosimama hadi leo pale bondeni panapoanzia: FUATA NJIA YA MWENZAKO. Kochi likishapita mara moja, nyasi imekufa tayari. Kwa hiyo kochi la pili na la tatu yakanyage palepale. "Heri nusu shari kuliko shari kamili," alikuwa akisema. "Afe mmoja, usife ukoo." Wachezaji wote waliijua kanuni hiyo na waliitii. Hata Nahodha wa klabu, mkuu wa Meneja mwenyewe na mtu asiyemsikiliza mtu, akifika bondeni alikuwa anatafuta alama ya aliyetangulia na kuikanyaga.

Siku tatu kabla ya asubuhi hiyo alikuja muuzaji na vigari vinne vya aina nyingine. Kila kimoja ni cha mtu mmoja tu, kiti kimoja, begi mbele, magurudumu mapana na mwili mwembamba. Tukaviita vipanzi.

Muuzaji alikuwa na maneno kama redio. "Kila mchezaji anakwenda kwenye mpira wake moja kwa moja, hamsubiri mwenzake! Mchezo unakwisha mapema. Chepesi, nyasi haiumii!"

Mjomba alikuwa anafuta jembe. "Ndugu yangu," alisema, "wachezaji wanne kwenye makochi ni magari mangapi?"

"Mawili."

"Na kwenye hivi vyako?"

"Manne, lakini..."

"Magurudumu manane, au kumi na sita?"

Muuzaji akacheka kidogo. "Mzee, hesabu ya uzito siyo hesabu ya magurudumu."

"Mguu wa kuku mwepesi," mjomba alimjibu. "Waachie kuku kumi na sita bustani ya mchicha, urudi jioni."

Watu wa banda walicheka, na mjomba akaondoka ameshinda. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama magurudumu.

Aliyevitaka vipanzi kuliko wote alikuwa Mama Daktari. Ni daktari mstaafu, na goti lake la kushoto halikunji. Alikuwa akicheza kila wiki na marehemu mume wake, wakikaa kwenye kochi moja, mume anaendesha, yeye anamkosoa. Mzee alipofariki, Mama Daktari akabaki barazani. Sheria ya klabu ilisema kochi halitoki na mtu mmoja, na goti lilisema hatembei. Wengine walikuwa wawili wawili tayari, na nani atavunja jozi yake kwa ajili ya mjane mwenye mdomo mkali? Siku moja nikipita na reki alinishika mkono. "Binti, mwaka mzima natazama gofu kama mtu anayetazama harusi ya mke mwenza." Kisha akacheka, lakini mkono hakuuachia upesi.

Sasa jambo lenyewe nililotaka kumwambia mjomba ni hili. Jana yake muuzaji alinipa kipanzi kimoja nikioshe. Mjomba alikuwa mjini kununua mbegu. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, ardhi inafanana kabisa na ya bondeni. Nikakiendesha mpaka kwenye kitalu.

Kitalu ni pale mjomba anapootesha nyasi za kuzibia. Hapakanyagwi. Aliwahi kumrudisha mtu nyumbani kwa kukatiza pale na ndoo. Nami nilipita na gari.

Karibu na bomba nilipita mara moja tu. Nikashuka, nikavua kiatu, nikabonyeza kwenye alama. Pakavu. Nilipomaliza kuosha magurudumu nyasi zilikuwa zimeshasimama, hata mimi mwenyewe sikupaona. Upande wa ukuta nikapita mara tatu, mstari uleule. Ya kwanza kavu. Ya pili jasho. Ya tatu, maji.

Nilikaa juu ya ndoo nikafikiri sana. Kochi linaua mara ya kwanza, ndiyo maana mjomba anasema wafuatane. Kipanzi hakiui mara ya kwanza. Kinaua mara ya tatu. Kwa hiyo ile kanuni iliyotuokoa na makochi ndiyo itakayotuchimbia mtaro kwa vipanzi, na wachezaji wa uwanja huu ndio watu pekee duniani watakaofanya kosa hilo, kwa sababu wamefundishwa na mjomba, na wamefundishika.

Kumwambia maana yake ni kumwambia nilipita kitaluni. Usiku sikuweza. Asubuhi akanifunga mdomo. Nikajipa moyo: wakubwa wa klabu wanaanza kuvijaribu vipanzi saa moja, na kwa makochi hakuna anayefika shimo la kumi na mbili kabla ya saa nne kasorobo. Akishakunywa chai ya saa tatu, hasira zake huwa zimelala. Nitamwambia hapo.

Saa tatu kasoro dakika chache, kikombe cha mjomba hakijafika mdomoni, tukasikia fimbo ikigonga mpira juu ya kilima.

"Hao kina nani?" mjomba aliuliza.

Nilitazama. Vipanzi vinne vilikuwa vinashuka, kila kimoja na njia yake, kila mtu kwenye mpira wake, bila mtu kumsubiri mwenzake. Walikuwa wametangulia karibu saa nzima.

Mjomba akamwaga chai chini. "Mbona mapema hivi?"

"Mjomba, nisikilize. Bondeni wasi..."

Hakusikia. Alikuwa ameshakimbia kwenda kuwapokea, shati la Jumapili linapepea.

Nilipowafikia, maneno yalikuwa yameshaanza. Mbele alikuwa muuzaji, nyuma yake Nahodha, kisha Meneja na kofia yake pana, na mwisho Mama Daktari. Mama Daktari uso uling'aa, ana tope mpaka kwenye miwani.

"Waheshimiwa," mjomba alisema, "bondeni kuna unyevu. Naomba mpite kando, kwenye njia ya kokoto."

Meneja akacheka kwa pua. "Tumeleta gari la kupita bondeni, halafu tulizungushe kando kama maharusi?"

"Jaribio ni bonde," alisema Nahodha. "Huko kwingine hata mkokoteni unapita. Tunapita hapa."

Niliuona mkono wa mjomba ukitafuta mfuko wa shati ambao haukuwepo. Kisha akafanya lile nililokuwa naliogopa. Akauelekea ubao wake, akaugonga kwa kiganja.

"Basi mnaijua kanuni. Mmoja nyuma ya mwingine. Msitoke kwenye alama."

"Tunaijua, mzee," Nahodha akasema. "Tumeisoma miaka yote."

Muuzaji akaingia bondeni. Kipanzi kikapita kama kivuli. Mimi nilikuwa nimeshavua kiatu. Jua lilikuwa limeshakausha jasho la alfajiri; nikabonyeza kwenye alama yake. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Pakavu.

Nahodha akafuata. Na kwa ule utii wake wa miaka yote, aliinamisha kichwa, akaangalia chini, akaweka gurudumu lake juu ya alama ya muuzaji, hakukosea hata unene wa kidole. Nikabonyeza tena. Jasho likapanda kati ya vidole vya mguu wangu.

Nyuma yake Meneja akakanyaga mafuta, ingawa vile havitumii mafuta, ni namna yake tu ya kuendesha. Alikuwa mzito kuliko wote wawili. Macho yake yapo chini, kwenye alama.

Mdomo uliponza kichwa, najua. Lakini nyumba yetu nzima ilikuwa inaelekea kupita chini ya gurudumu lile.

"Tawanyikeni!" nilipiga kelele. "Msifuatane! Kila mtu apite kwake!"

Meneja hakupunguza. Nikaruka kamba, nikasimama katikati ya alama, mguu mmoja na kiatu, mmoja bila. Kipanzi kikasimama, begi lake la fimbo likanigusa tumboni.

"Huyu ana wazimu?" Meneja alisema. "Nani huyu?"

"Mpwa!" Sauti ya mjomba ilipasuka. "Toka hapo! Toka upesi!"

"Mjomba, nisamehe. Sitoki."

"Unaniua, mtoto wewe!"

"Akipita hapa ndipo tunapokufa."

Nahodha alikuwa amesimama ng'ambo, amegeuza shingo. Kisha nyuma ya Meneja tukasikia mngurumo mdogo, na Mama Daktari akachomoka kwenye msafara.

"Mimi nimesikia vizuri," alisema. "Kaambiwa tutawanyike. Natawanyika." Akakata bonde mahali ambapo hakuna gurudumu lililowahi kupita, kwenye nyasi safi kabisa, moyo wa bonde lenyewe.

Mjomba akashika kichwa kwa mikono miwili.

Nahodha alirudi kwa miguu. Hakuwa anatembea kwa haraka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akasimama mbele yangu, akautazama mguu wangu mtupu.

"Eleza," alisema.

Nikaeleza. Kochi linaua mara ya kwanza. Hiki hakiui mara ya kwanza, kinaua mara ya tatu. Wa kwanza kavu, wa pili jasho, wa tatu maji.

"Umejuaje?"

Mjomba alikuwa hatua tatu kutoka kwangu.

"Jana nilijaribu," nilisema. "Kwenye kitalu cha mjomba. Bila ruhusa."

Sikumtazama. Nilisikia tu akivuta pumzi.

Meneja alikuwa ameshashuka na kupiga magoti kwenye alama. Akachomeka kidole. "Nahodha, njoo uone. Mtaro huu hapa. Barua ilikuwa wazi."

Mjomba akainama, naye akaweka kidole chake, kile kile cha shahada. "Kimeishia kwenye kucha, bwana Meneja. Kucha siyo kidole."

"Tunabishana kucha sasa?"

"Tunabishana maisha yangu," mjomba alisema, taratibu.

Nahodha alikuwa anatembea ameinama, kama aliyepoteza sarafu. Akaita, "Daktari! Ulipita wapi?"

"Hapo hapo uliposimama!"

"Hapa?"

"Kushoto kidogo. Hapo. Hapana, rudi." Mama Daktari akainua miwani. "Nilipita hapo hapo jamani, au nimeruka?"

Muuzaji naye akaenda kutafuta. Walitafuta watu wawili wazima, na nyasi zilikuwa zimesimama zinawatazama. Hatua chache kutoka walipo, ule mtaro wa kochi wa mwezi uliopita ulionekana wazi, bado umezibwa mchanga mweupe kama kidonda chenye poda.

Nahodha akanyooka. "Nani aliyeweka kanuni ya kufuatana?"

Nilitamani mjomba anyamaze. Ubao haukuwa na jina. Angeweza kusema ni ya zamani, aliikuta.

"Mimi," mjomba alisema. "Kwa makochi ilikuwa sawa. Kwa hivi sikuuliza. Huyu aliuliza."

Meneja alifungua mdomo. Nahodha akainua kiganja. "Rudi kwenye kigari chako, Meneja. Vuka. Usikanyage alama ya mtu."

Meneja akavuka peke yake, kulia kabisa, na uzito wake wote. Tulisubiri. Nikabonyeza kisigino mbele yao wote, nikahesabu kwa sauti mpaka tano. Nahodha akainama kuangalia mwenyewe.

Pakavu.

"Barua ya tatu haitaandikwa," alisema. "Siku ya mashindano makochi yatabaki bandani, tutatumia hivi. Na hapa bondeni watu watapita kama binti huyu atakavyosema."

"Kama mjomba atakavyosema," nilisema.

Nahodha alinitazama kidogo, kisha akatazama mguu wangu. "Vaa kiatu," akasema, akaondoka.

Mama Daktari alipokuwa akipita aliniambia, bila kusimama, "Mpira wangu wa pili uko ndani ya kichaka. Ingekuwa zamani, mume wangu angenisubiri akilalamika. Leo nakwenda kuutafuta mwenyewe, na nitalalamika mwenyewe."

Siku nzima mjomba hakunisemesha. Mkaza mjomba aliweka chakula cha mchana, akatutazama mmoja mmoja, akaondoa sahani bila kuuliza. Jioni nilimwona mjomba kitaluni. Ameinama upande wa ukuta, akakaa pale kwa muda. Kisha akaenda upande wa bomba. Huko alizunguka sana.

Aliporudi alisimama mlangoni.

"Ile ya ukutani nimeiona. Mara tatu?"

"Mara tatu, mjomba."

"Na ya mara moja?"

"Karibu na bomba."

"Nimetafuta kwa mikono. Sikuiona." Alikaa kwenye kigoda, akavua viatu, akajikuna nyayo. "Kwa nini hukuniambia jana?"

"Niliogopa."

"Ukaogopa kuniambia mimi, hukuogopa kusimama mbele ya gari."

Alitoka, akarudi na ule ubao, kaung'oa pamoja na nguzo yake, na kopo la rangi nyeupe. Akauweka mapajani mwangu. Alikuwa ameshaufuta maneno kwa rangi nyeusi, bado mbichi pembeni.

"Ikikauka, andika. Uandike wewe, siyo watu wa ofisini."

"Niandike nini?"

Alifikiri. "Kila mtu njia yake." Kisha akainua kidole kile kile. "Na chini yake, herufi ndogo: Makochi yafuatane. Nisije nikauliwa bonde na mtu anayejua kusoma nusu."

"Ndiyo, mjomba."

"Na kesho asubuhi, kabla ya kamba, kabla ya chai, utaziba pale ukutani. Mchanga wa kuchekecha, kwa mikono, nyasi moja moja."

"Ndiyo, mjomba."

"Mara tatu," alijisemea akivua lile shati la Jumapili, akatikisa kichwa. "Kitaluni kwangu."